Kodi ya miezi sita na mifuko mia ya saruji: shajara ya nyumba yetu ya Chanika

Machi 2021

Leo tumelipa kodi ya miezi sita, Sh. 1,500,000. Wino wa daftari la mwenye nyumba haujakauka, nami nimekwisha kufungua daftari jingine, ambalo ni hili. Tunaishi Tabata katika vyumba viwili na sebule, ndani ya ua wenye wapangaji watatu, kwa Sh. 250,000 kwa mwezi. Lau kiasi hicho kingelipwa mwezi kwa mwezi tungekimudu. Kinachotubana ni desturi ya Dar es Salaam ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali mshahara wa mume wangu na wangu huingia mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kila Machi na kila Septemba nyumba yetu hukaukiwa: ada ya watoto inasogezwa mbele, mchango wa kikoba, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, unachelewa, na mara mbili tumekopa kwa majirani ili tuendelee kulala pale tulipolala jana.

Hata hivyo, sababu yangu kubwa ni ya zamani zaidi. Marehemu baba alipanga nyumba moja kwa miaka 22 na hakuwahi kuchelewesha kodi. Alipofariki, mwenye nyumba alimpa mama miezi miwili ya kuondoka kwa kuwa alitaka kumhamishia mwanawe pale. Hakuwa mtu mkorofi; alikuja msibani, alitoa rambirambi, na aliongea kwa adabu. Lakini arobaini ya baba ilisomwa huku vyombo vya mama vikiwa vimeshafungwa kwenye maboksi, na wageni wakakalia mikeka katika sebule isiyo na pazia. Siku hiyo nilielewa kwamba kodi ya miaka 22 haikumwekea mama akiba ya haki hata ya mwezi mmoja wa ziada. Kila mwezi uliolipwa ulikuwa umeisha na mambo yake, na wa 264 haukuwa na uzito zaidi ya wa kwanza.

Nitaandika humu kila hatua, pamoja na gharama zake, ili tujue kwa hesabu tunachokipata na tunachokitoa.

Juni 2021

Tumenunua kiwanja Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400, kwa Sh. 4,800,000. Fedha zilitoka katika kikoba changu, akiba ya mume wangu na pikipiki yetu tuliyoiuza. Ni eneo ambalo halijapimwa, ndiyo maana bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu, na ndiyo maana pia tulijipa wiki tatu za kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Tulizungumza na majirani wa pande zote nne, kila mmoja kwa wakati wake, tukiwaomba watuonyeshe mpaka kwa mguu na si kwa kidole. Tulikwenda pia ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama eneo hilo limetengwa kwa barabara au kwa matumizi ya umma. Jirani wa upande wa bondeni alituonyesha njia ya maji ya masika, na kwa ushauri wake tumeamua kwamba nyumba itakaa nusu ya juu ya kiwanja.

Siku ya kuandikiana, karani aliuliza jina la baba wa familia ili aliandike kwenye hati ya mauziano. Mume wangu akajibu, "Andika yote mawili, la kwangu na la mke wangu." Ninaandika jambo hili kwa kuwa lina uzito kwangu kuliko bei ya kiwanja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini nimeona wajane wakihangaika kuithibitisha haki hiyo mbele ya ndugu wa mume, na jina lililoandikwa tangu mwanzo linaondoa nusu ya ubishi.

Kabla hatujaondoka tulipanda mlimao. Umekaa katika ndoo ya rangi ya lita 20 kwa miaka minne na umehama nasi nyumba tatu, kwa sababu hakuna mwenye nyumba aliyetukubalia kuupanda uani. Tulipoipasua ndoo tulikuta mizizi imejizungusha mara nyingi kama kamba iliyokunjwa, ikiwa na umbo la ndoo lenyewe. Mume wangu aliichana kwa vidole taratibu kabla ya kuifukia.

Novemba 2021

Tumeulizia mkopo wa nyumba benki. Kwa mkopo wa Sh. 40,000,000 wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 16, marejesho ni takriban Sh. 587,000 kwa mwezi, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya kodi tunayolipa sasa, na jumla yake hupita Sh. 105,000,000. Isitoshe, benki inataka hati miliki ambayo hatuna. Tumerudi kwenye njia ya walio wengi: kujenga kidogo kidogo, kila fedha ikipatikana.

Tumeanza na matofali. Fundi amepiga hesabu kutoka kwenye ramani yetu ya vyumba vitatu vidogo, sebule na jiko, akasema tunahitaji matofali 2,200 ya inchi 6, kuanzia msingi hadi juu. Tunafyatulia kiwanjani, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatupa matofali 33. Hiyo ni karibu mifuko 67. Mfuko tunaununua Sh. 15,000. Usiku nilipokuwa nikiyaandika haya nikagawanya kodi yetu ya miezi sita kwa bei ya mfuko, na jibu likawa mifuko mia kamili. Niliirudia hesabu mara mbili. Saruji ya matofali yote ya nyumba yetu, tangu la kwanza hadi la mwisho, haifikii kodi ya nusu mwaka. Mchanga, maji na ufundi vina gharama zake, wala sisemi kwamba nyumba ni matofali peke yake. Lakini tangu leo nitakuwa naipima kodi kwa mifuko ya saruji, maana hesabu hii ndiyo iliyonionyesha wazi kile tunachokitoa kila Machi na Septemba.

Januari 2022

Tumepata hasara ya matofali karibu 300. Kijana tuliyemwachia kazi ya kumwagilia alisafiri siku ya tatu baada ya kufyatua na hakutuambia, na jua la Januari likayakausha matofali kabla saruji haijashika. Fundi alichukua moja, akalishika kwa mikono miwili usawa wa kiuno na kuliachia. Lilipasuka vipande vinne na kona zake zikawa unga. Alichukua la kundi la Desemba, akaliachia vilevile. Likadunda na kulala ubavu, zima. "Mama," akaniambia, "tofali likikosa maji siku saba za mwanzo, umenunua saruji ya kurudisha mchanga kwenye mchanga." Yaliyoharibika tutayavunja tuyatumie kujazia ndani ya msingi.

Tangu siku hiyo tunapokezana, mimi au mume wangu, kwenda kumwagilia alfajiri kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, kila tunapofyatua. Ni safari ndefu na ya kuchosha. Wakati bomba la mwenye nyumba lilipopasuka mwaka juzi, tulisubiri wiki mbili aje, tukichota maji kwa jirani, kwa sababu halikuwa jukumu letu wala hatukuwa na ruhusa ya kuligusa. Huku Chanika kosa ni letu na dawa yake iko mikononi mwetu siku hiyohiyo.

Agosti 2022

Msingi umekwisha. Mume wangu alikuwa amemwambia fundi apunguze nondo kwenye mkanda wa zege wa msingi ili fedha zitoshe kufika kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, nami nilikataa, tukabishana hadi usiku. Mwishowe tumesimamisha jamvi na kuweka nondo nne za milimita 12 kama ilivyopangwa, zikiwa na ringi za milimita 8. Chini hapafukuliwi tena. Jamvi linaweza kusubiri mwaka mzima bila kudai chochote.

Nimeona kwamba hii ndiyo tofauti ya fedha za ujenzi na fedha za kodi. Tukiishiwa katikati ya ujenzi, kazi inasimama pale ilipo na kutungoja. Tukiishiwa katikati ya kodi, tunatoka.

Septemba 2023

Kuta zimefika kwenye lenta, yaani mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, na siku ambayo mbao za lenta zilivuliwa ndiyo siku mwenye nyumba alipotuma ujumbe wa simu kwamba kodi sasa ni Sh. 300,000. Hakuna cha kumlaumu kisheria. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Na makubaliano ya mtu mwenye watoto wawili shule ya jirani na muhula umeshaanza ni kukubali. Tumelipa Sh. 1,800,000 kwa miezi sita. Kwa kipimo changu ni mifuko 120.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limekuwa likiniuma tangu mwaka 2021, serikali ilipoanza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kila mwezi tunaponunua umeme kwa mara ya kwanza mita hukata kodi ya jengo, ambayo tangu Julai mwaka huu imepanda kutoka Sh. 1,000 hadi Sh. 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni anayenunua umeme. Sisi wapangaji watatu tunaichangia sawa, na mwenye nyumba hajawahi kuturudishia. Si fedha nyingi, lakini nimeshika stakabadhi zake za mwaka mzima mkononi na kujiuliza ni jengo gani ninalolilipia.

Tumefanya uamuzi mmoja mkubwa mwezi huu. Hatutasubiri nyumba ikamilike. Tutaezeka, tutatia milango na madirisha vyumba viwili, tutajenga choo, kisha tutahamia, na kodi ya Septemba 2024 haitalipwa Tabata. Mama mkwe anaogopa kwamba watu watatusema kwa kuhamia boma, yaani nyumba ambayo haijamalizika. Nimemheshimu na kumsikiliza, lakini nimemweleza kwamba kila nusu mwaka tunaokaa mjini tukingoja marumaru unagharimu fedha za marumaru hayohayo.

Februari 2024

Nyumba imeezekwa. Mbao za kenchi, yaani fremu ya paa, tulikwisha kuzinunua kidogo kidogo tangu Novemba na kuzipaka dawa ya mchwa. Bati za geji 30 tumezinunua kwa mkopo wa SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, ya kazini kwa mume wangu, utakaorejeshwa kwa miezi 18. Tungependa geji 28 iliyo nene zaidi, lakini tofauti ya bei ingetunyima milango. Ni punguzo ninalolikubali kwa sababu nimelifanya mwenyewe nikijua hasara yake, na naweza kulirekebisha baada ya miaka kumi nikiwa bado chini ya paa hilihili.

Mei 2024

Masika ya mwaka huu yamekuwa makali. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa mwezi, tulilala Tabata tukiwaza bati za Chanika. Asubuhi mume wangu alikwenda kwa daladala ya kwanza, akanipigia simu kwamba paa zima lipo, isipokuwa kofia moja ya bati ya kilele cha paa iliyofunguka pembeni, na kwamba maji ya bondeni yamepita palepale jirani alipotuonyesha, mbali na msingi kwa hatua 12 alizozihesabu.

31 Agosti 2024

Tumehama. Vyumba viwili vina milango na nondo za madirisha, sakafu ni jamvi lisilosakafiwa, kuta hazina plasta, dari hakuna, na umeme ni taa mbili za jua. Choo kimekamilika, kwa kuwa katika hilo sikukubali haraka yoyote. Mvua kidogo ilinyesha usiku wa kwanza na kelele yake kwenye bati zisizo na dari ilituamsha wote. Mtoto mdogo alikuja kulala kati yetu, akauliza kama mwenye nyumba atakuja kutufokea tukiwasha taa usiku. Baba yake akamwambia, "Mwenye nyumba amelala hapa, mwulize." Mtoto alifikiri kidogo, kisha akaomba apigilie msumari ukutani wa kutundika begi la shule. Kule Tabata misumari ilikatazwa. Asubuhi alipigilia minne.

Novemba 2024

Ninaandika sasa hesabu ya miezi mitatu bila kupamba, kwa sababu wapo marafiki wanaoniuliza kama inafaa.

Nauli imetuumiza. Nilikuwa natumia Sh. 1,200 kwa siku kwenda na kurudi kazini, sasa ni Sh. 2,600, na mume wangu vivyo hivyo. Kwa siku 26 za kazi ongezeko letu wawili ni Sh. 72,800 kwa mwezi. Tunaamka saa kumi alfajiri. Maji tunanunua kwa ndoo kutoka kisima cha jirani. Watoto wamehama shule, na mkubwa alilia wiki mbili kwa kuwakosa wenzake; hiyo nayo ni gharama, ingawa haina tarakimu. Mtu anayefanya kazi ya zamu za usiku mjini, au ambaye kazi yake inamhamisha mkoa kila baada ya miaka miwili, nisingemshauri afanye kama sisi; kwake kupanga kuna nafuu ya kweli.

Upande wa pili, Sh. 300,000 za kila mwezi zimebaki ndani. Ukiondoa ongezeko la nauli, zinabaki Sh. 227,200, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane Septemba imepita bila nyumba kukaukiwa. Oktoba tuliweka simtanki la lita 2,000 na mifereji ya kukinga maji ya paa. Mwezi huu tunapiga plasta sebuleni. Fundi anakuja Jumamosi, analipwa kazi ya siku hiyo, na kazi ikisimama hakuna anayetufukuza. Nimeona pia kwamba tunatumia vitu kwa namna nyingine: Tabata balbu ikiungua tulinunua ya bei rahisi kuliko zote, kwa kuwa hatukujua tutakaa hadi lini, huku tulipoweka kitasa cha mlango wa mbele tulizunguka maduka manne kutafuta kitakachodumu.

Januari 2025

Hati imetoka. Upimaji wa urasimishaji wa mtaa wetu, yaani wa kuyapa hati maeneo ambayo hayakuwa yamepimwa, ulichukua muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa, na kuna miezi kadhaa ambayo kampuni iliyokusanya michango yetu haikupokea simu. Wananchi tulifuatana mara tatu hadi ofisi husika ndipo kazi ikaendelea. Bikoni nne, alama za mipaka, ziko ardhini, na hati ni ya miaka 99, ikiwa na majina yetu wote wawili. Ardhi ya nchi hii ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo tulichopewa ni haki ya kuimiliki kwa muda na kwa masharti, likiwemo la kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Nimeyasoma masharti yote. Nikilinganisha na notisi ya miezi miwili aliyopewa mama, miaka 99 inatosha kuwapitisha watoto wangu na kuwafikia wajukuu.

Mama amehamia kwetu tangu Desemba. Chumba chake ndicho cha kwanza kupata dari. Alikuja na maboksi yake na kwa wiki ya kwanza hakuyafungua yote, akichomoa anachokihitaji na kufunga tena. Sikumwambia kitu. Jumapili iliyopita nilikuta ametundika pazia na maboksi yamekunjwa nyuma ya mlango, tayari kwa kuwashia moto.

Machi 2025

Umeme umeunganishwa juzi Jumanne. Fundi wa nyaya alipomaliza, mume wangu alinipa simu ninunue mimi LUKU ya kwanza. Niliingiza namba ya mita yetu na Sh. 10,000. Ujumbe ulipokuja niliusoma nikiwa nimesimama chini ya mlimao, ambao mwaka huu umechanua kwa mara ya kwanza: uniti, kodi ya ongezeko la thamani, tozo za kawaida, kisha mstari wa kodi ya jengo, Sh. 1,500. Nimeunakili ujumbe mzima katika ukurasa unaofuata. Wiki ijayo tunaanza plasta ya nje, upande wa mashariki.